"Gung-ho" kwa wanafunzi Wachina: maana na asili

mwl_zamu: Wakuu, salaam. Wanafunzi Wachina wanaojifunza Kiingereza wakikutana na neno la Kiingereza "gung-ho" huliona kama neno la kwao, wakaandika "We must gung-ho with our partners" wakikusudia kushirikiana. Kosa liko wapi hasa, na neno limetoka wapi?

kamusi_wazi: Asili ni ya Kichina kweli, ila maana ilibadilika njiani. Mwaka 1938, China ikipigana na Japani, vilianzishwa vyama vya ushirika vya viwanda vidogo. Rewi Alley wa New Zealand alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Jina lao refu likafupishwa kuwa 工合: gōng ya gōngyè, yaani viwanda, na hé ya hézuò, yaani ushirika. Ni kifupisho tu, si msemo wa kuhimizana. Aliyelifanya msemo ni Evans Carlson, ofisa wa Marine (askari wa majini) wa Marekani aliyewahi kuwa China. Alilichukua kwa maana ya "kufanya kazi pamoja", na mwaka 1942 akalifanya kaulimbiu ya kikosi chake cha Raiders. Filamu "Gung Ho!" ya 1943 ikalieneza uraiani. Kwa kuwa lilipita jeshini, likabaki na ile ari ya askari, na ushirika ukadondoka. Leo maana yake ni mwenye hamasa kubwa, mara nyingi kupita kiasi.

sarufi_kwanza: Naongezea. Ni kivumishi, kwa hiyo sentensi ya mwalimu imeharibika mara mbili: maana, na pia kulifanya kitenzi. Wazoeshe "She's gung-ho about the plan" na "a gung-ho attitude". Kihusishi chake cha kawaida ni "about".

Matamshi nayo yanawatega. Wao husoma gōnghé, lakini Mwingereza hutamka karibu na "gang-hou", mkazo ukiwa mwishoni. Tena angalia herufi wanazoandika daftarini: wengine huweka 共和, gònghé kwa toni ya nne, ambayo ni jamhuri. Hilo ni neno jingine kabisa.

mwl_zamu: Asanteni sana. Kwenye barua ya kuomba kazi linafaa?

sarufi_kwanza: Hapana, mwalimu. Ni la mazungumzo, na msomaji anaweza kuelewa kwamba mwombaji hukurupuka. Waandike "enthusiastic" au "keen".