GM300 za teksi kuzihamishia mita 2: nianze na kebo au kompyuta?

Kijana_wa_Umoja
Wadau, salamu. Nina Motorola GM300 mbili zilizong'olewa kwenye magari ya teksi. Lebo zinaanza na M33GMC. Leseni ya redio ya ridhaa kutoka Mamlaka ya Mawasiliano ninayo, nataka zifanye kazi kwenye bendi ya mita 2, yaani 144–146 MHz. Nimeulizia kebo ya kuziprogramu pale barabara ya Luthuli, Nairobi, bei imenishinda. Naweza kuiunda mwenyewe? Laptopu yangu ni mpya, ina USB pekee.

Fundi_Mawimbi
Hongera kwa leseni. Kabla ya kushika chuma cha kulehemia, tafuta mwenye kebo akusomee redio moja tu, ujue mgao wake wa masafa. GM300 za VHF zilitoka kwa migao miwili: 136–162 na 146–174 MHz. Ya kwanza inaingia mita 2 bila ubishi. Ya pili ndiyo yenye kazi, kwa maana bendi yetu nzima iko chini ya mwanzo wake. Lebo ya nje haitakusaidia hapo: hiyo 3 ya pili baada ya M inasema VHF tu, ingekuwa 4 ni UHF.

Zikiwa za 146–174, programu ya RSS, ile ya Motorola ya kuziprogramu redio, itakataa ukiandika 145.500. Mipaka inaisoma kwenye faili la modeli lenye mwisho wa MDF, na wanaoshusha mpaka huhariri nakala ya faili hilo. Hata hivyo programu kukubali si redio kukubali. Osileta, sakiti inayozalisha masafa, isiposhuka hadi hapo, redio italia mfululizo na haitarusha. Nyingi hufika 145 na ushee, nyingine hazifiki. Ningekuwa na chaguo, ningebadilishana na mwenye za 136–162.

Dada_Kapasita
Kebo inaundika vizuri, ndugu yangu. Unahitaji MAX232 (chipu ya kulinganisha volti za kompyuta na za redio), kapasita tano za mikrofaradi 1, dayodi moja 1N4148 na 7805 ya kukupa volti 5. Kiini cha mambo ni kwamba redio ina waya mmoja wa data wa kusema na kusikia, ilhali kompyuta ina mbili. Basi: pini 3 ya DB9 (plagi ya serial ya kompyuta, yenye pini 9) iende pini 13 ya MAX232. Kutoka pini 12 weka dayodi, mstari wake mweusi ukielekea pini 12, upande wa pili uende kwenye waya wa data. Waya huohuo uingie pini 11, na pini 14 irudi pini 2 ya DB9. Ardhi ni pini 5. Dayodi ikigeuzwa, kompyuta haiwezi kuuvuta waya chini na redio haisikii neno.

Kosa ninaloliona sana ni kapasita ya pini 6. Hiyo huwekwa kinyume na unavyodhani: upande chanya uko ardhini. Kabla ya kuunganisha redio, pima: pini 2 iwe kati ya volti 8 na 10, pini 6 iwe hivyo hivyo lakini hasi.

Kwenye tundu la maiki, ardhi ni pini 4 na data ni pini 7. Usihesabu kwa mazoea ya plagi za mtandao, Motorola huhesabu kutoka upande mwingine. Weka maltimita kwenye mlio, ncha moja kwenye chasisi, uguse pini za katikati. Inayolia ndiyo 4, na ukiijua hiyo utajua upande wa kuanzia.

Fundi_Mawimbi
Laptopu iache kando. RSS ni ya DOS na hupima muda kwa mwendo wa prosesa. Kompyuta ikiwa na kasi, inadhani redio imenyamaza. Adapta za USB nazo huchelewesha baiti. Tafuta kompyuta kuukuu yenye tundu halisi la serial, 486 hivi, uiwashe kwa DOS tupu.

Ukishasoma, hifadhi faili la asili kwenye diski mbili ndipo uguse kitu. Wakati wa kuandika tumia umeme usioyumba, volti 13.8. Betri ndogo iliyochoka ikishuka katikati ya kuandika, kumbukumbu huharibika na redio haiamki. Ndiyo maana ile nakala ya asili ni dhahabu.

Na chaneli za teksi zifute zote, usibakize hata moja "ya kusikiliza". Kidole kikigusa kitufe, umerusha kwenye masafa ya mtu.

Kijana_wa_Umoja
Nashukuru sana. Nimesomewa moja: ni 136–162. Kwa repita (kituo kinachopokea na kurusha upya) niandikeje?

Dada_Kapasita
Bahati yako. Kwenye mita 2 huku Kanda ya 1 (Afrika na Ulaya zimo), unarusha kilohezi 600 chini ya unaposikiliza. Ukisikiliza 145.650, rusha 145.050, na toni (mlio wa chini unaoifungua repita) uiweke upande wa kurusha pekee kwanza. Ukiiweka na upande wa kupokea, na repita haiirudishi, utakaa kimya ukidhani redio ni kiziwi. Jaribio la kwanza fanya 145.500 kwenye mzigo bandia wa omu 50 (kizuizi kinachokaa mahali pa antena), nguvu ikiwa chini.

Antena ya teksi usiitumie hivyo hivyo. Fimbo ya robo wimbi iliyokatwa kwa 160 MHz ina sentimita 44 au 45; wewe unahitaji kama 49. Fupi huwezi kuirefusha kwa mkasi, nunua fimbo mpya, ianzie 51, uipunguze nusu sentimita kwa nusu sentimita ukitazama mita ya SWR, inayoonyesha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena.