Tupeane uzoefu: fundi aliyelipwa kiduchu alikufanyia nini?

Kijana wa Isevya: Wakuu, jana kochi langu la mninga limechomoka mguu, fundi aliyekuja kulirekebisha akacheka, eti kaka hapa hamna kiungio, wamepiga misumari wakafunika na vanishi. Nikamwambia mbona mninga mzuri hivi? Akasema mbao nzuri ila vijana wa ile karakana wanalipwa kwa kochi siyo kwa siku, nani akae achonge tundu na ulimi wakati mwenzake kashaanza la pili? Tupeane uzoefu.

Mtoto wa Mwanga: Kazi ya pisi hiyo, unalipwa kwa idadi. Hamna jipya.

Nahodha Kibirizi: Umenikumbusha mbali mdogo wangu. Tajiri mmoja huku alikuwa anatengeneza boti za mbao, mafundi anawalipa boti ikiisha tu na hela ya chakula anakata. Kwa nyie wa Tabora msiojua, boti ya mbao lazima iwe na mianya, unaziba kwa pamba iliyolowekwa mawese unaigongea na patasi mwanya kwa mwanya, ndo kalafati hiyo, inaua mgongo na ukishapaka rangi haionekani. Tukaichukua, mwanzoni safi. Usiku mmoja wa giza tuko mbali taa zinawaka dagaa wamejaa, nasikia miguu imelowa nikajua maji ya wavu, dogo kumulika chini maji yanabubujika kwenye ubavu! Tukachota na ndoo, madumu, mpaka sufuria la ugali, upepo nao ukaamka, na ziwa lenyewe ndo hili Tanganyika lina sehemu zinafika mita 1,470 kwenda chini. Dagaa wote tulimwaga. Na mkopo juu. Wenzetu ndo wakatuvuta. Kubandua rangi pale chini tunakuta matambara ya gunia, pamba hamna. Nikamtafuta fundi, akaniambia "mzee, pamba tulipewa, siku ndo hatukupewa".

Da Asha: Dagaa WOTE? 😭

Nahodha Kibirizi: Wote bibie.

Mchungu: Huyo fundi muuaji, asisingizie mshahara. Mie nilimlipa fundi vizuri, tena nusu mbele, akaenda kunywa.

Mtoto wa Mwanga: Ulimlipa wewe au ulimkopesha? Nusu mbele siyo mshahara mkuu.

Mchungu: Kwani nimeongea na wewe?

Mama Sabuni Ujiji: Mnaowasema matajiri mimi mmoja wao, japo tajiri wa sabuni ya mawese tu 😂. Mwanzo nililipa wasichana kwa mche. Wanakimbiza wanamimina kwenye vibao sabuni haijaiva, kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, inabaki humo, wateja wananirudishia mikono imebabuka. Nikahamia malipo ya siku. Miche ikapungua, malalamiko yakaisha, ila nikapandisha bei kidogo na hao hao walionirudishia wakahamia kwa jirani anayeuza rahisi. Sasa nishaurini.

Msomi wa Reli: Someni kidogo. Ford, yule wa magari kule Detroit, Januari 1914 alipandisha malipo mpaka dola 5 kwa siku, karibu mara mbili, na saa akapunguza toka 9 mpaka 8. Siyo huruma, watu walikuwa wanaacha kazi hovyo, mwaka 1913 aliajiri zaidi ya elfu 50 ili abaki na kama elfu 14. Mgeni kila siku atajulia wapi kazi?

Mchungu: Malizia basi, sehemu kubwa ya hizo dola ilikuwa bonasi na walitumwa watu majumbani kukagua unaishije. Mlevi hapati. Hapo namuunga mkono 😂

Da Asha: Huku kwetu kima cha chini viwandani kilichoanza Januari 2023 kilikuwa 150,000 kwa mwezi. Gawa kwa siku 26, hata 6,000 haifiki. Vibarua wengi hata hiyo hawaioni.

Mtoto wa Mwanga: Kochi geuza miguu juu kabla hujalipa.

Kijana wa Isevya: Nimuongeze fundi hela au nimsimamie?

Mama Sabuni Ujiji: Muongeze.

Mchungu: Msimamie, soda mnunulie akimaliza.

Da Asha: Nahodha, ile boti iko wapi?

Nahodha Kibirizi: Niliuza.

Da Asha: KWA NANI??

Nahodha Kibirizi: Niliikalafati upya kwanza, tulieni.