Knightia au Diplomystus mdogo? Na jinsi ya kutunza mabamba ya chokaa ya Kemmerer

mtafuta_pezi:

Wakuu, habari zenu. Nina mabamba manne ya chokaa ya Green River yenye visukuku (mabaki ya kale yaliyogeuka jiwe) vya samaki, kutoka machimbo ya kulipia karibu na Kemmerer, jimbo la Wyoming, Marekani. Matatu ni ya tabaka la samaki wa kupasua (jiwe hupasuka palepale kwenye samaki), la nne ni la tabaka la inchi 18, linaloitwa hivyo kwa unene wake. Unene ni sm 1.5 hadi 3. Bado yana unyevu wa machimboni, nimeyafunga kwa magazeti ndani ya plastiki.

A: samaki mwembamba, sm 9 kutoka ncha ya mdomo hadi shina la mkia. Sehemu ya nyuma ya tumbo haionekani vizuri, mifupa mingine imebaki kwenye nusu ya pili ya bamba. Ninazo nusu zote mbili.

B: sm 9.5, tumbo limeshuka zaidi, mdomo kama unatazama juu.

C: sm 14, kimo kinakaribia nusu ya urefu. Mgongoni kuna miiba minene mbele na pezi laini nyuma.

D (inchi 18): samaki haonekani kabisa. Kuna mwinuko mwembamba wa kama sm 20 unaokatisha bamba, na upande mmoja umevimba.

Naomba kujua: A na B ni spishi moja au mbili? C ni Priscacara, yule samaki mpana wa miiba? Nikaushe vipi bila kupasua jiwe, na je, siki na vanishi vinafaa kama wanavyodai wengine? D naweza kulifungua mwenyewe?

Pingili:

Mkuu, umeanza vizuri kwa kupima hadi shina la mkia na si hadi ncha, kwa sababu ncha za mkia hukatika mara nyingi na kipimo kikadanganya.

Kwa A na B usitazame ukubwa wala unene wa tumbo. Diplomystus dentatus hufikia zaidi ya sm 60 akikomaa, lakini wachanga wake ni wengi mno katika tabaka hilo na wana urefu uleule wa Knightia eocaena. Tumbo nalo hubadilika kulingana na mzoga ulivyolala na ulivyobanwa na matope. Tazama pezi la mkundu. Kwa Knightia ni fupi na linaishia mbali na mkia. Kwa Diplomystus msingi wake ni mrefu, unaenda hadi karibu na shina la mkia. Hata miale ikiwa imepotea, vijiti vya mfupa vinavyoshikilia pezi ndani ya mwili kwa kawaida hubaki, na safu ya vijiti hivyo inakupa urefu wa pezi.

Alama ya pili ni mdomo: wa Diplomystus umeelekea juu waziwazi, taya la chini likiwa limesimama karibu wima. Ila fuvu lililopondwa linaweza kugeuza taya, kwa hiyo mdomo peke yake hautoshi. Ya tatu inahitaji lenzi ya mara 10: kati ya kichwa na pezi la mgongo, Diplomystus ana safu ya magamba magumu ambayo ukingo wake wa nyuma una meno madogo madogo.

Chukua nusu ya pili ya A, weka taa pembeni kabisa, karibu usawa na uso wa jiwe, halafu zungusha jiwe polepole huku taa ikibaki palepale. Mwanga wa kutoka juu unafuta kila kitu.

Kuhusu C, swali ni kama pezi la miiba na pezi laini yameungana. Yakiwa na pengo katikati na mwili ni mrefu, ni Mioplosus. Yakiwa yameungana, mwili ni mpana, na pezi la mkundu linaanza na miiba mitatu minene, uko kwenye Priscacara na jamaa zake. Hapo kagua mfupa wa shavu ulio mbele ya kifuniko cha matamvua: ukingo wenye meno ya msumeno ni Priscacara serrata, ukingo laini unakupeleka kwa Cockerellites liops, ambaye kwa miaka mingi aliitwa Priscacara liops, na lebo za zamani bado zina jina hilo. Umbo la samaki hawa limewafanya wengi wawaite jamii ya sato, na si sahihi. Sato wa kweli wa kale wapo Mahenge, nyanda za Singida: Mahengechromis, wa takriban miaka milioni 46. Hawa wa Kemmerer wana kama milioni 52.

Patasi_Pana:

Nakuja kwenye kukausha, maana hapo ndipo visukuku vingi vizuri vinaharibikia.

Chokaa hii imepangika kwa tabaka nyembamba sana. Ukiianika juani, uso unakauka na kusinyaa wakati ndani bado kuna maji. Bamba linapinda, kisha linaachana tabaka kwa tabaka, na mifupa inanyanyuka nayo. Toa plastiki sasa, usingoje, kwa sababu magazeti yenye unyevu yaliyofungiwa huota ukungu ndani ya siku chache. Acha mabamba kivulini, juu ya vijiti viwili ili hewa ipite chini, na gazeti kavu juu yake. Geuza kila siku. Pima uzito kwa mizani inayosoma gramu, andika, na rudia kila baada ya siku mbili. Vipimo vitatu mfululizo vikilingana, jiwe limekauka. Bamba la sm 3 linachukua muda kuliko la sm 1.5, kwa hiyo usiyahukumu yote kwa moja.

Kama kuna bamba lingine unataka kulipasua, fanya hivyo kabla halijakauka. Jiwe lenye unyevu wa machimbo huachana kirahisi zaidi. Lisimamishe kwa ukingo, tumia patasi nyembamba yenye upana wa sm 5 au zaidi, na gonga kidogokidogo ukizunguka ukingo mzima. Ukikazania sehemu moja, ufa unaruka kutoka tabaka moja kwenda jingine na kumkata samaki.

Siki hapana. Asidi inakula chokaa, ndiyo, lakini inashambulia na mfupa, na kwenye jiwe la tabaka inapenya kando na kulilegeza lote. Maabara zinazotumia asidi huifanya kuwa hafifu, huiwekea kemikali za kulinda mfupa, kisha huosha kwa maji kwa muda mrefu.

Vanishi hapana pia. Inageuka njano, inang'aa hadi huoni miale ya mapezi, na kuitoa baadaye ni kazi ngumu. Tumia Paraloid B-72, plastiki ya akriliki inayouzwa kama punje na kuyeyushwa kwenye asetoni. Gramu 3 hadi 5 kwenye mililita 100 za asetoni inatosha kuimarisha mfupa unaobanduka. Kwa kuunganisha jiwe lililovunjika, gramu 50 kwa mililita 100. Ning'iniza punje ndani ya mfuko wa shashi kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, ukiziacha chini ya chupa zinagandana kuwa bonge. Tia kwa brashi laini au bomba la sindano, tone kwa tone, pale tu panapohitaji. Jiwe likiwa na unyevu, B-72 inaganda nyeupe kama ukungu, hivyo ni baada ya mizani kutulia tu. Asetoni inashika moto upesi: dirisha wazi, glavu, mbali na jiko.

Kusafirisha, simamisha mabamba kwa ukingo kama vitabu kwenye rafu, yakiwa na sponji kati yake. Ukiyalaza moja juu ya jingine, la chini ndilo linavunjika.

Tabaka18:

D ni zuri sana, usilipige patasi! Katika tabaka la inchi 18 jiwe halipasuki kwenye uso wa samaki. Linapasuka milimita moja au zaidi juu yake, na unachokiona ni uti wa mgongo ulioinua jiwe. Ndiyo maana wachimbaji wa tabaka hilo hufanya kazi usiku kwa taa za pembeni, mchana miinuko haionekani. Upande uliovimba ni kichwa.

Kulifungua mwenyewe inawezekana ukiwa na kalamu ya hewa ya kuchonga au, kwa uvumilivu, sindano ya kabaidi (metali ngumu sana) kwenye kishikio. Anza katikati ya uti wa mgongo, ambapo mfupa ni mnene na unajua ulipo. Ukishaona pingili chache fuata mbavu, kisha kichwa, na mapezi yawe ya mwisho. Anayeanzia kwenye mapezi huyachonga bila kujua, kwa kuwa yana unene wa karatasi na hayainui jiwe hata kidogo. Laza ncha, usiichomeke wima. Acha ngozi nyembamba ya jiwe juu ya mfupa, halafu iondoe kwa sindano chini ya darubini, au kwa mashine ya kupuliza unga wa bikaboneti kwa shinikizo dogo. Vaa barakoa ya vumbi, si ya kitambaa.

Ukikuta pengo lisilo na mfupa, liache pengo. Soko limejaa samaki waliochorewa mapezi. Kwenye lenzi rangi huonekana imepita juu ya nyufa na chembe za jiwe, wakati mfupa huvunjika pamoja na ufa. Taa ya urujuanimno nayo huonyesha gundi na rangi ziking'aa tofauti na mfupa.

mtafuta_pezi:

Asanteni sana. Nimekagua kwa taa ya pembeni. A, nusu ya pili: pezi la mkundu fupi, limeishia mbali na mkia. B: vijiti vya pezi vinaenda karibu na shina la mkia, na magamba ya mgongoni yenye meno yapo. C: hakuna pengo, miiba mitatu kwenye pezi la mkundu, ukingo wa shavu laini, ila umepondeka kidogo upande wa chini.

Pingili:

Basi A ni Knightia eocaena, B ni Diplomystus dentatus mchanga. C andika "Cockerellites, labda liops" hadi usafishe shavu lote, maana meno ya msumeno yanaweza kuwa yamefichwa pale palipopondeka.

Nusu za A zipe namba moja, A1 na A2, na usiziuze wala kuzigawa mbalimbali. Umeona mwenyewe kwamba pezi lililoamua jina lilikuwa upande wa pili.

Patasi_Pana:

Nyongeza ya lebo. Andika kwa wino usiofutika nyuma ya jiwe lenyewe, karatasi hupotea: jina la machimbo, tabaka, tarehe, na kina ndani ya tabaka kama unakijua. Tunza pia risiti ya machimbo. Kwenye ardhi ya serikali kuu ya Marekani kuchukua visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo bila kibali ni kosa, na sheria ya 2009 imelikaza hilo. Ndani ya hifadhi ya taifa ya Fossil Butte National Monument iliyo jirani huruhusiwi kuchukua chochote. Na kama machimbo yako yako kwenye ardhi ya jimbo la Wyoming, vitu adimu kama ndege na mamalia ni mali ya jimbo. Kwa hiyo D likianza kuonyesha kitu kisichofanana na samaki wa kawaida, simamisha sindano, piga picha yenye rula, na wasiliana na mwenye machimbo kabla ya kuendelea.