Minki wa Uingereza: wauawe wote, au tumwache panya wa mtoni apotee?

Wadau, nawaletea swali la huku Uingereza ninakoishi. Najua litatugawa.

Kando ya mito ya huku anaishi panya mnene wa kahawia, masikio yamezama ndani ya manyoya. Msimchanganye na panya wa kwenye mitaro ya maji machafu. Huyu mara nyingi unamsikia kabla ya kumwona: unapita kijitoni, chubwi! Ukigeuka, unaona maji yanatikisika tu. Ukiinama kwenye matete unakuta mabua yamekatwa mshazari, yamelazwa pamoja, utadhani mtu alikuwa anapanga mafungu ya mboga akaitwa ghafla. Kijito cha karibu na kwangu nilikuwa nayakuta kila kiangazi. Sasa ni miaka miwili sijaona hata bua moja, na inaniuma.

Ukaguzi uliorudiwa nchi nzima mwishoni mwa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba sehemu nyingi mno alikokuwa akionekana hapo zamani hayupo tena. Mwaka 2008 sheria ya England ilimpa ulinzi kamili. Lakini minki hasomi sheria.

Minki ni mnyama wa jamii ya kicheche, asili yake Amerika Kaskazini. Aliletwa mwaka 1929 kufugwa kwa ajili ya manyoya yake, wengine wakatoroka, na mwaka 1956 ikathibitika kwamba wanazaana porini huko Devon. Panya wetu akiona hatari hupiga mbizi au hukimbilia shimoni. Kwa korongo na mbweha, hiyo inatosha. Minki anaogelea, na jike lake ni jembamba kiasi cha kuingia shimo lile lile. Jike mwenye watoto wa kulisha anaweza kumaliza kundi zima la kijito kwa msimu mmoja.

Msimamo wangu: aondolewe mpaka wa mwisho. Kuua wachache kila mwaka huku wengine wanazaana ni kumwaga damu bila mwisho, na hilo ndilo naliona ukatili. Inawezekana. Panya mkubwa wa Amerika Kusini anayeitwa koipu, naye aliyeletwa kwa manyoya, alimalizwa mashariki mwa England kufikia 1989. Mtegaji anayelipwa kwa kukamata hana haraka ya kumaliza. Safari ile wategaji waliahidiwa donge nono iwapo koipu wataisha kabisa, na wakaisha.

Mitego ya siku hizi ni vizimba juu ya chelezo. Mlango ukijifunga, ujumbe unaingia kwenye simu ya mtegaji, kwa hiyo mnyama hakai humo akiteseka, na aliyenaswa kwa bahati mbaya anaachiwa. Minki anapigwa risasi ya bunduki ya upepo. Sifurahii kuandika hivyo.

Karibuni.

Mchangiaji: Mkuu, nakupinga. Nani alilima hadi ukingoni, akaacha ng'ombe wakanyage kingo, akachonga mito ikawa kama mitaro? Panya huyu alianza kupungua kabla ya minki kuenea. Halafu fisi-maji wamerudi tangu dawa za kilimo zilizokuwa zikiwaua zipigwe marufuku, nao wana ubavu kuliko minki. Rudisheni matete, waachieni fisi-maji kazi. Minki hakuomba kuletwa.

Mleta mada: Kweli hakuomba, na ndiyo maana mzigo ni wetu sisi watu. Kuhusu kingo sina ubishi: bila udongo laini wa kuchimba na nyasi ndefu za kujificha, hata minki akiisha panya hatarudi. Ila ukiotesha matete na minki yupo, umemtengenezea panya nyumba nzuri ya kuliwa ndani yake. Kwa fisi-maji hapo nakukatalia. Minki akibanwa naye hubadili saa: huwinda zaidi mchana, fisi-maji akiwa amelala. Na mchana panya naye yuko nje anakula.

Mnaoishi mashariki, kule mitego hii ilikotandazwa kwa wingi, tuambieni: ile chubwi mmeanza kuisikia tena?