Insha ya uongozi kwa mwombaji wa ufadhili asiyewahi kushika cheo

Mwalimu wa Kongwa:
Ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Ninafundisha hisabati kwa mkataba katika shule ya kata, na ninajiandaa kuomba ufadhili wa masomo wa Chevening, ambao serikali ya Uingereza imekuwa ikiutoa tangu mwaka 1983. Insha inayonitatiza ni ile ya uongozi, kwa sababu sikuwahi kuwa kiranja wala kugombea nafasi katika serikali ya wanafunzi chuoni. Nilichonacho ni kundi la wasichana wa kidato cha pili ninaowakusanya kila Jumamosi tupitie mitihani ya miaka iliyopita, kazi ambayo hakuna aliyenituma wala anayenilipa. Je, huo ni uongozi, au nitaonekana ninajikweza?

Babu Rasimu:
Marahaba, mwalimu. Ni uongozi, tena wa aina ambayo wasomaji wa maombi hawaipati mara nyingi. Rasimu nyingi ninazoletewa na vijana zimejaa vyeo, kaka mkuu, mwenyekiti wa klabu, mbunge wa wanafunzi, lakini ukifika mwisho huoni jambo hata moja lililobadilika kwa kuwa mtu huyo alikuwepo. Wewe eleza wasichana hao walikuwa wakikwama wapi, mkuu wa shule alikubali vipi kukuachia darasa siku ya mapumziko, na uliwaambia nini wazazi hata wakamruhusu binti atoke nyumbani Jumamosi ilhali kuna maji ya kuchota na wadogo wa kulea. Hapo kwa wazazi ndipo ningekaa muda mrefu zaidi, kwa maana Chevening huuliza uongozi pamoja na ushawishi, na mzazi ni mtu usiyekuwa na amri juu yake. Kisha taja matokeo yao ya Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, hata kama si ya kujivunia sana.

Mama Usaili:
Ninakubaliana na Babu, ila ninaongeza tahadhari. Usiliite kundi lako taasisi, wala usijipe ukurugenzi, maana kwenye usaili utaulizwa bajeti na wafanyakazi wako, na hapo ndipo wengi hubabaika. Weka daftari la mahudhurio na umwombe mkuu wa shule alithibitishe. Daftari hilo lina faida nyingine: Chevening hudai saa 2,800 za uzoefu wa kazi, ambazo wao huzihesabu kuwa sawa na miaka miwili ya kazi, na saa za kujitolea nazo huhesabiwa.

Mwalimu wa Kongwa:
Asanteni sana. Daftari ninalo, ingawa la muhula wa kwanza liliandikwa ovyo.

Msomaji wa Pembeni:
Swali moja, mwalimu: ukiondoka, Jumamosi hizo atazishika nani? Masharti yanamtaka mfadhiliwa arudi nchini kwake kwa muda usiopungua miaka miwili baada ya masomo, kwa hiyo ni busara insha ionyeshe kwamba kazi itaendelea ukiwa mbali na kwamba una la kurudia.

Mwalimu wa Kongwa:
Wapo wasichana wawili wa kidato cha nne, waliopita katika kundi hilohilo, ambao tayari huanzisha kipindi ninapochelewa. Sikuwa nimefikiria kuwaandika.

Babu Rasimu:
Waandike katika aya ya kwanza.