Bastola ya milimita 9 inakwama risasi zikikaribia kwisha: tatizo ni magazini au bastola yenyewe?

Mlengaji

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Ninatumia bastola ya milimita 9 yenye fremu ya plastiki kwa mazoezi ya kulenga shabaha, na kwa muda sasa imekuwa ikikwama wakati wa kuingiza risasi. Nikishafyatua, ganda hutoka vizuri na slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayokwenda nyuma na mbele) huanza kurudi mbele, lakini risasi inayofuata huinamisha ncha yake na kugonga sehemu ya chini ya mteremko unaoielekeza kwenye chemba (tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa kabla ya kufyatuliwa), kisha slaidi husimama katikati ya safari yake. Hali hii hutokea zaidi zikiwa zimebaki risasi mbili au moja, ingawa si kila mara. Nimesafisha kila sehemu na kupaka mafuta, pamoja na ndani ya magazini zote tatu (visanduku vya risasi vinavyoingia kwenye mpini), lakini hakuna nafuu niliyoiona. Rafiki mmoja ananishauri ning'arishe mteremko huo kwa msasa laini, na mwingine anasema nifunge springi ya slaidi iliyo nzito zaidi. Ningependa kujua nianzie wapi kabla sijagusa kitu ambacho hakitarudi katika hali yake ya awali.

Fundi wa Silaha

Ndugu Mlengaji, weka msasa kando. Chuma kikishaondolewa kwenye mteremko hakirudi, na pembe yake ikibadilika utakuwa umejiongezea tatizo la pili huku la kwanza likiwa bado lipo. Kama mteremko ungekuwa na kasoro, bastola ingekwama kwa risasi ya kwanza sawa na ya mwisho, kwa sababu zote hupita hapohapo. Wewe unasema zinakwama zile za mwisho, na kinachobadilika kadiri risasi zinavyopungua ni nguvu ya springi ya magazini: ikiwa imejaa, springi imebanwa sana na inasukuma kwa nguvu; risasi zikibaki mbili, springi imekwisha kunyooka na msukumo wake umepungua. Springi iliyochoka huonyesha uchovu wake hapo, kwa maana risasi haishikiliwi imara chini ya midomo ya magazini, yaani kingo zake za juu zinazozuia risasi, na slaidi inapoigonga kwa nyuma, ncha yake huzama badala ya kupanda.

Kwa hoja hiyohiyo, springi nzito ya slaidi si dawa. Ikiwa nzito kupita kiasi huirudisha slaidi mbele kwa kasi zaidi, na hivyo kuipunguzia magazini muda wa kuinua risasi inayofuata. Utakuwa unaharakisha mashindano ambayo magazini tayari inayashindwa.

Anza kwa kuziandika magazini namba, 1 hadi 3, kwa rangi isiyofutika, kisha kila bastola inapokwama uandike ni magazini ipi na ilikuwa imebakiwa na risasi ngapi. Wengi huliona jambo hili kuwa dogo mno, ilhali bila kumbukumbu hiyo utabadilisha vipuri kwa kubahatisha. Tatizo likiifuata magazini moja, bastola yenyewe haina hatia. Baada ya hapo zifungue na ulinganishe urefu wa springi zake zikiwa huru, pamoja na nafasi kati ya midomo: midomo iliyopanuka huiachia risasi mapema, na iliyobanwa huichelewesha. Angalia pia kama kibao kinachosukuma risasi juu kinateleza bila kukwaruza kuta au kuegemea upande mmoja.

Na hayo mafuta ya ndani ya magazini yafute yote. Hukusanya masizi na punje za baruti zisizoungua hadi yanakuwa tope, na magazini haihitaji mafuta ndani. Kabla ya kazi yoyote kati ya hizi, toa magazini kwanza, vuta slaidi, kisha hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu. Risasi halisi zisiwepo kabisa mahali unapofanyia kazi.

Jicho la Shabaha

Nakubaliana na Fundi kuhusu magazini, ila nisingemwondolea mpigaji lawama mapema namna hiyo. Bastola ya aina hii hutegemea mkono uishikilie fremu imara ili slaidi irudi nyuma hadi mwisho wa njia yake. Kifundo cha mkono kikilegea, fremu hurudi nyuma pamoja na slaidi, nayo slaidi haimalizi mwendo. Bastola ya plastiki pia huwa nyepesi zaidi magazini inapokaribia kuwa tupu, kwa hiyo hata ulegevu huo ungeweza kujitokeza mwishoni. Mpe mpigaji mwingine mwenye uzoefu atumie bastola hiyohiyo, magazini zilezile na risasi za boksi lilelile. Isipokwama hata kidogo mikononi mwake, utakuwa umepata jibu bila kununua chochote.

Risasi dhaifu nazo huleta matokeo kama hayo. Wakati mwingine utaona ganda limebanwa likiwa limesimama wima kwenye tundu la kutolea maganda, au slaidi imejifunga juu ya chemba tupu ilhali magazini bado ina risasi. Ukisikia mlio hafifu kuliko kawaida, usivute slaidi na kuendelea kupiga: huenda kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu, na kinachofuata kinaweza kuupasua.

Mlengaji

Nashukuru sana, Fundi, na wewe Jicho la Shabaha. Nimefanya kama mlivyoelekeza. Mwenzangu aliitumia bastola, ikakwama na kwake pia. Mikwamo yote ya kuzamisha ncha ilitoka kwenye magazini namba 2, ambayo springi yake ikiwa huru ni fupi waziwazi kuliko za wenzake, na ndani kulikuwa na tope jeusi kama alivyosema Fundi. Nimebadilisha springi na kukausha zote tatu, na kwa risasi zenye ncha ya mviringo bastola sasa inafanya kazi bila tatizo.

Limebaki jambo moja. Nikitumia risasi zenye ncha iliyo wazi, mara mojamoja slaidi husimama ikiwa imebakiza milimita chache tu kufunga, na nikiisukuma kwa kidole gumba hujifunga. Je, hii pia ni magazini?

Fundi wa Silaha

Hapana. Risasi ikishafika umbali huo, magazini imemaliza kazi yake. Usiisukume kwa kidole gumba kabla ya kujua kinachoizuia.

Toa mtutu, uushike ncha ikitazama chini, kisha udondoshe ndani ya chemba risasi za aina hiyo, mojamoja. Kila moja iingie hadi mwisho kwa uzito wake yenyewe, na ukiugeuza mtutu itoke bila kuvutwa. Isipoingia, au ikining'inia, basi chemba ina uchafu au risasi haina vipimo sahihi. Urefu wa juu kabisa wa risasi ya 9×19, yaani ya milimita 9 ya kawaida, ni milimita 29.69, lakini umbo la kichwa nalo lina nguvu: kichwa kinene karibu na mdomo wa ganda kinaweza kugusa mifereji ya mtutu hata kama urefu uko ndani ya kiwango. Ikiwa zote zinaingia vizuri, kagua ndoano inayovuta ganda. Kitako cha risasi hulazimika kupanda na kuingia chini ya ndoano hiyo wakati slaidi inafunga, na ikibana mno au ikiwa na masizi chini yake, slaidi huishiwa nguvu hapohapo. Isafishe kwanza. Marekebisho ya mkazo wake mwachie fundi mwenye vipimo. Mwishowe linganisha springi ya slaidi na mpya ya uzito uleule wa kiwandani.

Zile risasi zilizogonga mteremko usizirudishe kwenye magazini. Ziweke kando ya mpya na ulinganishe urefu. Iliyofupika ina kichwa kilichosukumwa ndani ya ganda, na nafasi ya baruti ikipungua, shinikizo hupanda kupita kile ambacho bastola ilitengenezewa.