Tupeane uzoefu: ulipouliza swali la programu mtandaoni, ulijibiwaje?

Mwanzisha mada
Ndugu zangu, jana nimekutana na mtu aliyeandika "msimbo wangu haufanyi kazi, naomba msaada wa haraka", bila msimbo wala ujumbe wa kosa, kisha akalalamika kwamba wataalamu wana majivuno. Tupeane uzoefu, walioulizwa na waliouliza.

Nukta Mkato
Langu ni refu, mnivumilie. Kijana mmoja aliuliza namna ya kuifanya programu yake ya JavaScript isubiri sekunde tano kabla ya kuonyesha jedwali. Tukamwelekeza kwenye setTimeout, amri ya kuchelewesha kazi kwa muda unaoutaja. Akarudi akisema kwamba tano hazitoshi, mara kumi nazo hazitoshi, na watu wazima tukakesha tukibishana juu ya sekunde, mpaka mmoja wetu alipomwuliza, "Kwani unasubiri nini?" Ndipo ilipobainika kwamba data zilikuwa zinatoka kwenye seva, na jedwali lilikuwa linachorwa kabla hazijafika. Alichohitaji ni await, amri ya kusubiri data zifike ndipo kazi iendelee. Alituomba dawa aliyojichagulia, ugonjwa akaubana moyoni.

Msomaji Kimya
Kweli tupu. Nimewaona wengi wa namna hiyo.

Mabano
Kinachonichosha mimi ni picha za skrini. Siwezi kuunakili msimbo kutoka kwenye picha nikaujaribu, wala mwenye kosa hilohilo hatalipata swali hilo akitafuta. Katika lugha ya Python mstari unaotaja kosa lenyewe huwa chini kabisa, na ndio huohuo unaokatwa.

Jicho la Tatu
Nanyi mnaojibu mna yenu. Niliuliza kwa nini 0.1 + 0.2 inatoa 0.30000000000000004, swali likafungwa papo hapo, eti limeshaulizwa.

Mabano
Kufungiwa swali si kutukanwa. Ulipewa kiungo chenye maelezo ya jinsi kompyuta inavyohifadhi desimali kwa tarakimu za 0 na 1. Ulikifungua?

Jicho la Tatu
Nilikifungua na kilinisaidia. Ninacholalamikia ni kauli.

Seva Kongwe
Hayo ni madogo. Mwenzangu kazini alibandika faili zima la mipangilio, na ndani yake mlikuwa na nenosiri la hifadhidata ya wateja. Haukupita muda, mgeni akamwandikia: "Ndugu, nimeingia kwenye hifadhidata yenu, na nimetoka bila kugusa kitu." Akalihariri swali haraka, akapumua, asijue kwamba mitandao ya maswali ya programu kama Stack Overflow huhifadhi matoleo ya awali na msomaji yeyote anaweza kuyafungua.

Msomaji Kimya
Mungu wangu! Angelifuta swali lote.

Nukta Mkato
Kufuta kunakuja baadaye. Nenosiri linabadilishwa kwanza, kwa sababu lililokwisha kusomwa halifutiki.

Jicho la Tatu
Mimi katika mifano huandika "siri123" kila mahali. Inasikitisha kwamba zipo seva halisi zinazofunguka kwa hilo.

Mabano
Angepunguza msimbo mpaka ubaki mdogo kabisa unaotoa kosa, akataja na toleo la maktaba ya msimbo anayoitumia, nenosiri lisingekuwamo. Ukipunguza hivyo, mara nyingi unalibaini kosa kabla hujatuma swali.

Jicho la Tatu
Au unaukata mstari wenye kosa, halafu tunaanza kupiga ramli. Bandikeni wote.

Msomaji Kimya
Seva Kongwe, usituache njiani. Huyo mwenzako alikuwa anauliza nini?

Seva Kongwe
Alikuwa anauliza kwa nini programu yake inashindwa kuingia kwenye hifadhidata hiyo.